Nilichojifunza Nikitetea Mbegu za Maabara

Mtu akikuuliza mbegu hii ni ya nani, usimjibu kwamba haina sumu. Hilo ndilo somo kubwa nililolipata katika kazi yangu ya sayansi ya mimea, na sikulipata darasani wala maabara. Nililipata kwenye mikutano na wakulima, mbele ya watu wanaoujua udongo wao kuliko nitakavyoujua mimi hata nikiishi mara mbili.

Naitetea bioteknolojia ya kilimo, yaani kuboresha mimea kwa kubadilisha jeni zake maabara, tena hadharani, na sina mpango wa kuacha. Nimeifanya kwa mikono yangu, nimeiona ikishindwa na nimeiona ikifaulu. Ninachotaka kueleza hapa ni utetezi wenyewe, maana vijana wengi wanaotoka vyuoni siku hizi wanajua kukata na kuunga DNA, lakini hawajui waseme nini mzee anaposimama na kuuliza jambo ambalo halimo kwenye slaidi zao.

Nilianza kama mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Kuvu wana dawa yao, wadudu wana dawa yao, lakini virusi vikishaingia ndani ya mmea hakuna dawa ya kupuliza itakayovitoa. Mkulima wa muhogo akiona majani yamejikunja na kuingia batobato, kilichobaki ni kung'oa na kuchoma. Ugonjwa wa michirizi kahawia ndio mchungu zaidi, kwa sababu huko juu mmea unaweza kuonekana una nafuu ilhali mizizi inaoza ardhini. Anayechimba ndiye anayegundua, na wakati huo msimu umekwisha na jasho limekwisha. Nimesimama kwenye mashamba ya namna hiyo nikiwa na shahada zangu zote na sina la kumwambia mwenye shamba zaidi ya "tafuta vipando safi". Hapo ndipo nilipoanza kuitazama bioteknolojia kwa jicho la mtu mwenye shida, si la mtu mwenye hamu ya mambo mapya.

Kuzalisha aina zenye ukinzani kwa kuchavusha ni njia nzuri, imeokoa mazao mengi, na sitaki msomaji adhani naidharau. Lakini muhogo una tabia yake. Ukichavusha aina mbili, watoto hawafanani na mama wala baba, na ile aina waliyoizoea watu hupotea ndani ya mchanganyiko. Kuirudisha ikiwa na ukinzani ni kazi ya miaka mingi. Migomba ni migumu zaidi, kwani ndizi nyingi zinazoliwa hazina mbegu. Hapa ndipo uhandisi jeni unapopata maana: aina inabaki ileile, inaongezewa kitu kimoja ilichokikosa. Watafiti wamechukua jeni za pilipili hoho wakaziweka kwenye migomba ili istahimili mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoweza kufuta shamba zima.

Mfano ulionivuta mimi ulikuwa wa mapapai ya Hawaii. Mwaka 1992 virusi vya madoa ya pete vilionekana Puna, eneo lililokuwa likitoa sehemu kubwa ya mapapai ya visiwa hivyo, na ndani ya miaka michache mashamba yalikuwa yakikatwa. Bahati ni kwamba Dennis Gonsalves, mtaalamu wa magonjwa ya mimea na mzaliwa wa Hawaii, alikuwa ameanza kazi na wenzake kabla janga halijafika. Walichukua kipande cha jeni ya virusi vyenyewe, ile inayotengeneza ganda la protini, wakakiweka ndani ya seli za mpapai. Mpapai wenye kipande hicho huyatambua maandishi ya jeni za kirusi kinapoingia na kuyakatakata kabla hakijazaliana. Mwaka 1998 mbegu ziligawiwa kwa wakulima bure. Shikilia neno hilo "bure", kwa sababu nitalirudia.

Kazi yenyewe ya maabara ni ya subira kuliko watu wanavyofikiri. Kuna bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, ambaye tangu mwaka 1907 alijulikana kuwa ndiye anayeleta uvimbe kwenye mashina ya mimea. Baadaye ilibainika kwamba huleta uvimbe huo kwa kuingiza kipande cha DNA yake ndani ya mmea. Mwaka 1983 watafiti wa Ubelgiji wakiongozwa na Marc Van Montagu na Jeff Schell, na wa Marekani akiwemo Mary-Dell Chilton, walionyesha kwamba zile jeni za uvimbe zinaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa jeni unayoitaka. Sisi tuliokuja nyuma tunafuata njia hiyohiyo. Unawaacha bakteria wafanye kazi yao, kisha unazikuza seli juu ya lishe iliyoganda kama jeli, kwa kanuni ambayo Toshio Murashige na Folke Skoog waliichapisha mwaka 1962 na bado inatumika kila mahali. Unasubiri donge la seli litoe kichipukizi. Vingi havitoi. Vingine vinatoa mmea uliodumaa. Vingine vinapata jeni lakini haifanyi kazi, au inafanya kazi mwaka mmoja na kuzimika. Mistari mia, yaani mimea iliyotokana na seli tofauti, inaingia, michache inatoka, na hiyo michache ndiyo inayoanza safari ya majaribio.

Muhogo ulitufundisha unyenyekevu mkubwa. Katika kutafuta mihogo inayokinzana na michirizi kahawia, watafiti waligundua kwamba baadhi ya aina zilizokuwa zikistahimili batobato tangu asili ziliupoteza ustahimilivu huo kwa sababu tu zilipitishwa kwenye hatua za kukuza seli, hata kama hazikuwekewa jeni yoyote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Wengine wangeyaficha, ila wao waliyaandika wazi, kazi ikaendelea kwa kuchagua aina ambazo ustahimilivu wake haupotei. Ninapowaeleza wakulima habari hii huwa naona nyuso zinabadilika. Wanaanza kuniamini pale ninapowaambia ni kitu gani kilikataa.

Swali la kwanza linaloulizwa karibu kila mahali ni hili: kama mmea huu unaua mdudu, mimi nikiula itakuwaje? Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na maprofesa. Mtu aliyeliuliza amefikiri. Basi namjibu kwa utaratibu. Mahindi ya Bt yana jeni kutoka kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na baadaye kupewa jina hilo Ujerumani. Jeni hiyo hutengeneza protini. Protini hiyo ikiingia tumboni mwa kiwavi inakuta mazingira ya alkali yanayoifungua, kisha inashika vipokezi maalumu kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Tumbo la binadamu ni la tindikali, protini hiyo humeng'enywa kama protini nyingine, na vile vipokezi hatuna. Bakteria huyo ametumika kama dawa ya kupuliza tangu miaka ya 1930, hata na wakulima wa kilimo hai. Jibu hili linachukua dakika chache, na mtu aliyeuliza kwa dhati hulipokea, kwa sababu linamwonyesha jinsi jambo linavyofanya kazi, halimtaki aamini tu kwa kuwa mimi ni daktari wa falsafa.

Kuna wenzangu wanaopenda kufunga mjadala kwa habari ya viazi vitamu. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba aina 291 za viazi vitamu zilizochunguzwa zote zilikuwa na DNA ya Agrobacterium, iliyoingia yenyewe kwa njia ya asili muda mrefu uliopita. Ni ugunduzi wa ajabu, nami huusimulia kwa furaha. Lakini siutumii kumnyamazisha mtu. Kwamba jambo hutokea lenyewe hakulifanyi kuwa salama, na kwamba limefanywa na mtu hakulifanyi kuwa baya. Marekani kulikuwa na aina ya kiazi mviringo iliyoitwa Lenape, iliyozalishwa kwa uchavushaji wa kawaida na kutolewa kwa wakulima mwaka 1967. Mwaka 1970 iliondolewa kwa sababu ilikutwa na kiwango kikubwa mno cha sumu ya asili ya viazi. Hakuna aliyegusa jeni zake maabara. Cha kuchunguza ni zao lenyewe, limebeba nini na linafanya nini mwilini na shambani.

Na uchunguzi huo unapofanya kazi yake, tuuseme. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilikuwa ikitengeneza soya yenye protini bora kwa kuiwekea jeni ya njugu za Brazili. Vipimo vikaonyesha kwamba protini ile inaamsha mzio kwa watu wenye mzio wa njugu hizo. Mradi ukasimamishwa kabla soya haijafika sokoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Nimeshauriwa zaidi ya mara moja nisiisimulie habari hii mbele ya umma, eti itawatisha watu. Nimeendelea kuisimulia. Mtu anayeogopa mzio haogopi kivuli. Anastahili kujua kwamba hofu yake ina msingi, na kwamba kuna kipimo kilichowekwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo.

Nimeona pia jinsi hofu inavyosafiri. Septemba 2012 ilichapishwa makala ya watafiti wa Ufaransa ikiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliodaiwa kuumizwa na mahindi yaliyobadilishwa jeni. Novemba mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Wanasayansi wengi waliikosoa makala. Panya wa ukoo ule hupata uvimbe wenyewe wanapozeeka, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa jinsia moja, idadi isiyotosha kutenganisha bahati na sababu. Novemba 2013 jarida liliiondoa, likisema matokeo hayakutosha kuthibitisha kitu, na likaeleza kwamba halikuona udanganyifu. Mwaka uliofuata ikachapishwa tena kwenye jarida lingine. Marufuku ya Kenya ilidumu hadi Oktoba 2022, na hata baada ya kuondolewa mabishano yakahamia mahakamani.

Kuna wakati popote niendapo kuzungumza kulikuwa na mtu mwenye picha ya wale panya kwenye simu yake. Jarida linaweza kuondoa makala, picha haiondoki. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba amedanganywa. Nilimwomba anionyeshe picha, tukaitazama pamoja, nikamweleza kuhusu ukoo wa panya na hesabu ya makundi. Kisha nikamuuliza yeye anahofia nini hasa. Mara nyingi, baada ya maneno mengi juu ya panya, kilichotoka mwishoni hakikuhusu panya hata kidogo. Kilihusu mbegu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo wanasayansi wengi wa fani yangu wanapokimbilia usalama wa chakula, mahali wanapojisikia nyumbani, wakati mtu aliye mbele yao ameuliza juu ya umiliki.

"Daktari," mama mmoja mkulima aliniambia, "mimi sikuulizi kama nitaumwa. Nakuuliza mwaka kesho mbegu nitaitoa wapi." Aliposema hivyo ukumbi ulitulia. Hata wale waliokuwa wakipiga kelele nyuma walitaka kusikia nitajibu nini.

Jibu la kweli ni refu na halina upande mmoja. Kwanza, hakuna mbegu inayouzwa ambayo imetengenezwa isiote ikivunwa. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya teknolojia kama hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1998, ulimwengu ukapiga kelele, na haikuwahi kuuzwa kwa mkulima yeyote. Pili, mahindi chotara, yawe na jeni iliyoongezwa au yasiwe nayo, hupoteza nguvu yakipandwa tena, na ndiyo maana mkulima wa chotara hununua kila msimu. Hilo lilikuwepo kabla ya uhandisi jeni. Tatu, na hili ndilo tunalopaswa kulisema bila kumumunya maneno, katika baadhi ya nchi kizuizi hakimo ndani ya mbegu, kimo ndani ya mkataba. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bowman dhidi ya Monsanto, iliamua kwamba mkulima wa soya wa Indiana hakuwa na haki ya kupanda vizazi vya mbegu iliyo chini ya hataza bila ruhusa. Mbegu zile ziliota vizuri kabisa. Sheria ndiyo iliyozizuia.

Kwa hiyo swali la mama yule lina majibu tofauti kwa mbegu tofauti, na kila mradi unatakiwa kuwa nalo limeandikwa kabla haujaitisha mkutano. Mapapai ya Hawaii yaligawiwa bure. Bangladesh iliidhinisha bilinganya za Bt mwaka 2013. Aina zile zilitoka kwenye taasisi ya umma ya utafiti, si chotara, na mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake. India, jirani yake, ilisitisha bilinganya za teknolojia hiyohiyo mwaka 2010. Nigeria iliidhinisha kunde za Bt mwaka 2019, zinazopambana na funza wa maganda ambaye huwalazimu wakulima kupuliza dawa tena na tena, wengi bila glavu wala barakoa. Kunde hujichavusha zenyewe, hivyo mbegu iliyohifadhiwa hubaki na sifa zake. Mpunga wa dhahabu, uliotangazwa mwaka 2000 na Ingo Potrykus na Peter Beyer kwa ajili ya upungufu wa vitamini A, una makubaliano kwamba mkulima mwenye kipato cha chini ya dola 10,000 kwa mwaka anaweza kuupanda na kuhifadhi mbegu bila kulipia hataza. Ufilipino iliruhusu ulimwe mwaka 2021, kisha mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikasimamisha kibali. Robo karne imepita tangu utangazwe.

Nikisema "bioteknolojia ni nzuri" bila kutofautisha mikataba hii, nakuwa muuzaji. Nikisema "mbegu za maabara ni utumwa" nakuwa mwongo. Kazi yangu ni kumwambia mama yule: mbegu hii ninayoizungumzia leo ni ya fulani, masharti yake ni haya, unaweza kuihifadhi au huwezi, na karatasi ni hii. Akiikataa baada ya hapo, amekataa akijua, na hiyo ni haki yake.

Burkina Faso kuna somo jingine, nami hulitumia sana ninapowafundisha wanaoanza. Nchi hiyo ilianza kulima pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008. Funza walidhibitiwa na wakulima walipunguza upulizaji. Lakini nyuzi za pamba zilitoka fupi kuliko zile zilizoijengea nchi jina sokoni, kampuni za pamba zikapata hasara kwenye bei, na kufikia mwaka 2016 zikaanza kuachana nayo. Jeni ilifanya kazi iliyotumwa. Zao kwa ujumla wake halikutosheleza waliolitegemea. Mwanasayansi aliyezoea kutazama jeni moja anaweza asiuone urefu wa uzi mpaka mnunuzi atakapoukataa, kwa hiyo nasisitiza kwamba mnunuzi, mpishi na mchukuzi waketi mezani tangu siku jeni inapochaguliwa.

Halafu kuna wadudu wenyewe, ambao hawasomi vibali. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua wa mahindi wa Afrika Kusini, Busseola fusca, walianza kuyastahimili mahindi ya Bt. Huko India funza mmoja wa pamba alifanya vivyo hivyo. Njia ya kuchelewesha hali hiyo inajulikana: sehemu ya shamba ipandwe mbegu ya kawaida isiyo na Bt, ili wadudu wasio na ustahimilivu wabaki hai, wapandane na wale wachache walionusurika, na ustahimilivu uzidi kuyeyuka katika vizazi. Afrika Kusini, miaka ya mwanzo, wengi hawakuipanda sehemu hiyo.

Kuieleza habari hii ni kazi ngumu kuliko zote. "Kwa hiyo umekuja kuniambia nilime mahindi ya kuliwa na bungua?" aliniuliza mzee mmoja, kwa sauti ya mtu anayeona ameletewa mzaha. Nikamwambia ndiyo, mzee, sehemu ndogo. Nikamchorea chini kwa kijiti, mabungua hawa na mabungua wale, wakikutana kinatokea nini na wasipokutana kinatokea nini. Alitazama kwa muda akaniuliza jambo nililolibeba mpaka leo: jirani yake asipofanya hivyo, sehemu yake yeye itasaidia nini? Alikuwa amefika mahali ambapo wataalamu wa sera hufika baada ya warsha nyingi. Nondo huruka. Kinga hii ni mali ya wote, na mwenye shamba dogo hawezi kuilinda peke yake. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa mbinu ya kuchanganya mbegu za aina mbili ndani ya mfuko mmoja, na ndiyo sababu maafisa ugani wanapaswa kuwa sehemu ya mpango badala ya kuitwa siku ya uzinduzi.

Mwaka 2016 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti kubwa baada ya kupitia mamia ya tafiti. Hazikukuta ushahidi uliothibitishwa kwamba vyakula vitokanavyo na mazao hayo vina hatari kwa afya kuliko vile vya kawaida. Hilo sisi watetezi hulinukuu kila siku. Ripoti hiyohiyo ilisema pia kwamba takwimu za Marekani hazikuonyesha kuwa mazao hayo yameongeza kasi ya ukuaji wa mavuno kwa ujumla. Hilo tunalinukuu mara chache, na nadhani tunajinyima. Jeni ya kumzuia mdudu hailifanyi hindi liwe kubwa. Inazuia lisiliwe. Mahali ambapo mdudu ni mwingi na dawa ni ghali, faida yake ni kubwa sana. Mahali ambapo tatizo ni udongo uliochoka au barabara isiyopitika, haitasaidia, na ni vizuri mkulima asikie hivyo kutoka kwangu kabla hajafungua mfuko.

Sasa kuna uhariri wa jeni. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha jinsi ya kuitumia CRISPR kukata DNA mahali mahususi, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wanafunzi wangu wanaipenda, na wana haki. Inawezekana kuzima jeni moja ya mmea bila kuacha ndani yake DNA ya kiumbe kingine, na baadhi ya nchi zimeamua mimea ya namna hiyo isipitie njia ndefu ya vibali. Wengi wanatumaini kwamba mabishano yataisha kwa sababu hakuna tena "jeni ngeni". Mimi sioni hivyo. Mama yule hakuuliza jeni imetoka wapi. Aliuliza mbegu itatoka wapi, na CRISPR nayo ina hataza zake na wenye hataza wake.

Mimi siku hizi nimerudi kwenye muhogo. Juni 2021 Kenya iliidhinisha kuachiliwa kwenye mazingira kwa muhogo uliohandisiwa kukinzana na michirizi kahawia, hatua iliyosubiriwa na wengi kati yetu. Muhogo hauuzwi kwenye pakiti. Unapandwa kwa vipande vya shina, vizito kubeba, vinavyokauka baada ya siku chache, na vinavyobeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba bila mtu kujua. Mkulima akipata aina nzuri leo, kesho amemgawia dada yake na jirani yake, na hakuna kampuni itakayopata faida kubwa katika mpango huo. Kwa hiyo karibu muda wangu wote unakwenda kwenye vitalu vya vipando: nani avitunze, nani avikague kila msimu, mkaguzi alipwe na nani, na shina lililosafiri lifike likiwa bado na unyevu. Tumeanza kuwafundisha vikundi vya wakulima kuvitunza vitalu hivyo wenyewe, na tumeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa makubaliano kwamba anayepokea shina anaruhusiwa kulikata, kulipanda tena na kumpa mwingine.